Karatasi Niliyoibandika Mlangoni

Kitabu cha kwanza cha uongozi nilichosoma maishani mwangu kilikuwa kimeliwa na panya kurasa kumi na mbili za mwanzo. Mpaka leo sijui utangulizi wake ulisema nini. Nawaambia hili mapema kwa sababu ninyi wasimamizi vijana, Diane akiwa mbele yenu, mmeniomba niwaachie maandishi kuhusu namna nilivyojifunza kusimamia watu kwa kusoma na kuzungumza, na naona mnatarajia kitu safi cha kuwekwa kwenye rafu. Hakitakuwa safi. Nimestaafu mwezi uliopita, magoti yananiuma, na sina tena sababu ya kumpendeza mtu.

Mambo ya nani alipanda cheo lini mtayakuta kwenye mafaili. Mimi nitaanzia kwenye mifuko ya mashati.

Nilifika kwenye karakana yetu ingali Nyakabanda, hapa hapa Kigali, kwenye nyumba ya bati nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa na mashine kumi na moja za kushonea na pasi mbili za mkaa. Mimi nimelelewa Tanzania, upande wa Ngara, na Kinyarwanda changu wakati ule kilikuwa cha jikoni: kilitosha kuomba chumvi, hakikutosha kubishana. Siku ya kwanza nilipewa kazi ya kushona mifuko ya mashati ya wanafunzi. Nikashona arobaini, nikaipanga vizuri, nikakaa nikisubiri kusifiwa. Mzee Hamidu, fundi mkuu wa kukata, akauchukua mmoja mmoja, akaugeuza, akapitisha dole gumba kwenye mshono, halafu akanirudishia thelathini na mmoja.

"Hii yote fumua, binti yangu," akasema. "Hii tisa inaweza kwenda shule."

Nilifumua huku nikilia. Yeye alivuta kigoda akakaa karibu yangu, akachukua wembe, akafumua na mimi. Hakunifariji hata neno moja. Alinieleza tu kwamba nilikuwa navuta kitambaa badala ya kukiacha kiende chenyewe.

Mzee Hamidu alizaliwa hapo hapo Nyakabanda. Babu yake alikuja kutoka pwani na marobota ya vitambaa, akaoa, akabaki. Nyumbani kwao walisema Kiswahili, na kwa ajili hiyo mimi nilimganda kama kupe. Alikuwa na kofia ya mshono wa mkono na futi yake ya kupimia shingoni, hata siku ya Idi. Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, alipita kila meza. "Umeamkaje? Na mashine imeamkaje?" Halafu aliuliza, "Nini kinakusumbua leo?" na hapo ndipo alipotofautiana na mabosi wengine wote niliowahi kuwaona, kwa sababu akishauliza alisubiri. Aliweka kiganja juu ya kichwa cha mashine, kama mtu anayepima homa ya mtoto, akakaa kimya mpaka umwambie. Uzi unakatika. Taa haitoshi. Mume amehama nyumba. Mzunguko ule ulichukua saa nzima, na niseme ukweli, nusu ya saa ile ilikuwa porojo, na wale aliowapenda walipata dakika nyingi kuliko wenzao.

Baadaye tukahamia kwenye jengo kubwa karibu na Sonatubes, mashine sitini, ofisi juu, karakana chini. Mkurugenzi wetu, Bwana Gatera, alikuwa amekulia Uganda na aliamini vitabu kama wengine wanavyoamini dawa. Siku moja akapanda ngazi na sanduku la vitabu vya uongozi vya mitumba, vya Kiingereza, akakiweka chini kile kilicholiwa na panya na vingine vinane.

"Adela, wewe unapenda kusoma," akaniambia. "Soma hivi, halafu utuambie vinasema nini."

Kiingereza changu kilikuwa cha shule. Nilisoma na kamusi pembeni, kurasa mbili kwa siku, nikaandika kwa Kiswahili kwenye kauntabuku. Nikaanzisha kile mnachokiita mpaka leo Jumanne ya kitabu. Saa moja asubuhi wasimamizi wote na mafundi wakuu walizunguka meza ya kukatia, chai ya maziwa kwenye chupa mbili, maandazi kwenye karatasi, nami nikawasomea sura moja. Halafu tukaongea. Wengine walikuja kwa ajili ya maandazi, na sikuwalaumu.

Sitaki mtoke hapa mkisema Madamu Adela amevikana vitabu. Vilinisaidia sana. Kabla ya kusoma nilikuwa mpiga kelele. Nilimkaripia mtu mbele ya watu sitini na kumsifia chumbani, na kitabu kimoja kikanionyesha kwamba nimeugeuza mkono wa koti ndani nje. Kingine kilinifundisha kutazama kazi inavyopita kutoka meza hadi meza. Ndipo nikagundua watu wa kola walikuwa wanakaa bure kila siku kabla ya saa nne kwa sababu mkataji alianza na migongo. Tulibadilisha mpangilio tu, wakaanza kwenda nyumbani mapema. Nilijiona daktari.

Basi ikafika ile sura.

Ilimhusu meneja aliyezama kwenye matatizo ya watu wake mpaka akashindwa kufanya kazi yake mwenyewe. Ilisema mtu unayemtatulia kila kitu hatakua. Nilipoisoma nilihisi kama imeandikwa na mtu aliyekaa nyuma ya kiti changu. Siku zile foleni ilianza mlangoni kwangu kabla sijavua koti. Ufunguo wa choo haupo. Nani kachukua mkasi wangu. Pasi inatoa maji machafu. Nilikuwa nimechoka, na sura ile ilinipa ruhusa ya kuchoka. Kurasa zile tano nikazikata mpaka zikawa maneno manne, nikayaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi nyeupe: ANAYELETA TATIZO ALETE JIBU. Chini yake nikaandika hivyo hivyo kwa Kinyarwanda, nikaibandika mlangoni pangu kwa gundi ya karatasi.

Jumanne niliyoisoma sura hiyo, Mzee Hamidu alikuwa amekaa mwisho wa meza kama kawaida yake. Hakupenda kusema kwenye vikao. Siku hiyo aliinua mkono.

"Na asiye na jibu, aende wapi?"

"Akae nalo mpaka alipate, Mzee," nikamjibu. "Au unataka tuwabembeleze hadi waote mvi kama wewe?"

Watu walicheka. Bwana Gatera alicheka kuliko wote. Mzee naye alicheka kidogo, akaivuta futi yake shingoni ikae sawa, akanywa chai. Tangu siku ile hakuuliza tena swali lolote Jumanne, na mimi sikuliona hilo kuwa jambo.

Foleni iliisha ndani ya wiki. Siwezi kuwaeleza raha niliyoipata. Watu walipita mlangoni, wakaitazama karatasi, wakashuka. Wachache waliopanda walikuwa na jibu mkononi, na baadhi ya majibu yalikuwa mazuri kweli. Nilimwambia Bwana Gatera kwamba watu wamekua. Na kwa sababu nilikuwa na nafasi, nilisoma zaidi. Nilisoma ofisini asubuhi, mlango wazi, miguu juu ya boksi la nyuzi.

Sasa niwajulishe kwa Vestine, ingawa mnamjua. Ninyi mnamjua wa stoo ya nyuzi, anayewakatalia bobini mpya mpaka muonyeshe ya zamani. Wakati ule alikuwa mkataji. Alitoka Ndera kila siku kwa mabasi mawili, mama wa watoto wawili, na Mzee Hamidu alimfundisha yeye mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa kwanza kwetu kushika mashine ya umeme ya kukatia, na mstari wake ulikuwa mnyoofu kuliko wa Mzee. Mzee mwenyewe alisema hivyo, na hakuwa mtu wa kugawa sifa.

Mashine ile ninyi hamjaikuta. Kisu chake kilisimama wima kama mtu, kikipanda na kushuka kwa kasi hata huwezi kukiona. Unatandaza kitambaa tabaka sitini, unaisukuma mashine kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto unatangulia mbele kukandamiza kitambaa kisiteleze. Kati ya kisu na mkono huo kuna chuma kinachoshushwa mpaka kiguse kitambaa. Hicho ndicho kinga. Glavu ya nyuzi za chuma tulikuwa nayo moja, ya saizi ya mwanamume. Mkononi mwa Vestine ilikuwa ikicheza na kunasa kwenye kitambaa, akaiacha. Sote tulijua ameiacha.

Ilikuwa majuma machache kabla shule hazijafunguliwa, tumejaa kaki na bluu mpaka kwenye ngazi. Vestine akapanda, akasimama kizingitini.

"Madamu, mbabarira, samahani. Ile chuma ya mbele iko napanda yenyewe. Naishusha, inapanda."

Nilimnyooshea kidole kwenye karatasi. Hata kalamu sikuiweka chini. "Na jibu lako?"

"Jibu sina, Madamu. Labda fundi aangalie."

"Fundi gani, anakuja lini, atahitaji nini? Ukishajua yote hayo, urudi."

"Yego, Madamu," akaitikia, akashuka.

Baada ya siku mbili akarudi. Alikuwa amemtafuta fundi kwa muda wake mwenyewe, saa ya chakula.

"Fundi anasema springi yake imekufa. Anasema hapa Kigali haiko, mpaka iagizwe."

"Hilo nalo ni tatizo, Vestine," nikasema. "Jibu bado sijalisikia."

Nakumbuka kwamba nilitabasamu. Nilidhani namfundisha. Ningeweza kusema maneno mawili tu, zima mashine, na siku hiyo ingekuwa siku kama nyingine. Tungekata kwa mikasi, tungechelewa, walimu wakuu wangenipigia simu na kunisema. Nilikuwa na uwezo huo na yeye hakuwa nao. Mkataji hawezi kuzima mashine ya kampuni majuma machache kabla ya shule kufunguliwa. Mtu wa kuizima alikuwa mimi, na nilikuwa nimeweka karatasi mlangoni.

Juma lililofuata niliposhuka karakanani nikaona kinga imetulia chini. Vestine alikuwa amechukua lastiki ya viuno vya sketi, akaikunja mara tatu, akaifunga kutoka kwenye kinga hadi kwenye mguu wa mashine. Ilishika vizuri. Nilifurahi kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake mzito amepata kumi kwa kumi. Jumanne iliyofuata nikamwita kwenye kikao, yeye ambaye si msimamizi, nikamsimamisha kando yangu.

"Mmeona?" nikawaambia. "Huyu hakuja kulia kwangu. Amekaa, amefikiri, amepata jibu. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Vestine alitazama maandazi. Mzee Hamidu mikono yake ilibaki mezani, na mimi nikawaza, mzee ana wivu.

Lastiki ilishika siku kumi na saba.

Ilikuwa Alhamisi, karibu na saa sita mchana. Sikusikia mtu akipiga kelele. Nilichosikia nikiwa juu ni mashine zinanyamaza, moja, halafu nyingine, halafu safu nzima, na ukimya ule ndio ulionitoa kitini. Niliposhuka, Vestine alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza, mkono wa kushoto ameufunika kwa aproni. Mzee Hamidu alikuwa amepiga magoti, ameivua futi yake shingoni, anamfunga nayo mkono juu ya kiwiko, anakaza. Namba za futi zilikuwa zinaonekana vizuri. Lastiki ilikuwa inaning'inia kwenye mashine, imekatika katikati. Vidole vilivyokatika vilikuwa vitatu. Sitaeleza zaidi ya hapo, na waliokuwepo hawahitaji nieleze.

Jioni ile, wenzangu wakiwa hospitalini pamoja naye, nilirudi karakanani peke yangu. Niliifungua ile lastiki nikaitia kwenye mfuko wa sketi yangu. Kisha nikapanda juu, nikaibandua karatasi mlangoni. Nilikuwa nimeigundisha vizuri, nusu ikabaki, nikaikwangua kwa wembe.

Kesho yake Bwana Gatera aliniita kuandika taarifa ya ajali.

"Alikuwa amevaa glavu?"

"Hapana," nikasema.

Nikaandika mstari mmoja: mfanyakazi aliumia akiwa hakuvaa glavu ya kinga. Kila neno la mstari huo ni kweli. Mnaweza kwenda kuusoma, uko kwenye faili la kijani, na sahihi yangu chini. Habari za chuma kinachopanda, za mtu aliyekuja mlangoni, za makofi ya Jumanne, hazimo. Nimesoma vitabu vingi vya uongozi na sijakutana na kimoja kinachofundisha kusema uongo kwa maneno ya kweli. Hilo nilijifunza bila kitabu.

Jumapili ya pili nilikwenda Ndera kumtembelea, na sukari na mchele kama mtu anayekwenda kwa mzazi aliyejifungua. Nyumba yao iko kabla ya zile nyumba mpya, na shamba dogo la maharage mbele. Mama yake alikuwa analima peke yake. Akaniletea kigoda, akarudi shambani. Vestine alikaa kwenye mkeka, bandeji imemfika kwenye kifundo cha mkono. Nilikuwa nimepanga maneno ndani ya basi, nimeyapanga vizuri kama ninavyopanga somo. Akanitangulia.

"Madamu, mbabarira," akasema. "Niliharibu kitambaa."

Sikuelewa mara moja. Alikuwa anasema ile kaki, tabaka sitini.

"Nilifikiria jibu lingine," akaendelea. "Sikupata."

Maneno yote niliyoyapanga yakaniishia. Nikamwambia pole, utapona, kazi yako ipo. Nikanywa chai yao. Nilipoondoka mama yake alinisindikiza hadi barabarani akinishukuru kwa mchele. Niliona aibu ambayo haijaniacha mpaka leo.

Mzee Hamidu aliacha kazi kabla mwaka haujaisha. Alisema ni macho. Nilimtembelea Nyakabanda siku moja baada ya sala ya alasiri, nikamkuta uani, ana mto mdogo anaoushona kwa mkono kwa kupapasa tu. Kwake ndiko nilikokwenda kutubu. Nilimweleza yote, hata ya lastiki mfukoni. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza zamani, kiganja juu ya mto. Nilidhani atanigombeza, na nilitamani anigombeze.

"Mimi niliiona ile lastiki," akasema. "Siku ya kwanza tu niliiona. Mimi nilimfundisha yule mtoto, najua lastiki inachoka."

"Kwa nini hukuniambia, Mzee?"

"Ningekuja na nini? Jibu sikuwa nalo. Springi siwezi kuitengeneza." Akavuta uzi. "Na wewe ulikuwa umenifanya kichekesho mbele ya watu, binti yangu. Nikasema moyoni, muache na kitabu chake. Nikapita meza ile kila asubuhi, siku kumi na saba. Namsalimu Vestine, napita. Sikumuuliza nini kinakusumbua, kwa sababu nilijua."

Alianza kulia, mzee wa watu, na sindano mkononi. Sikuwa nimewahi kuona hilo. Nilikwenda kwake nikitafuta mtu wa kunibebea mzigo, nikakuta nimempa yeye wa kwake. Alifariki miaka michache baadaye. Alizikwa bila ile futi aliyomfungia Vestine mkono. Haikufulika, ikatupwa.

Miaka iliyofuata nilijaribu kuwa mtu mwingine. Mashine ile iliondolewa, glavu za saizi zote zikaja. Nilianza kupita meza kila asubuhi kama Mzee, nikiuliza na kusubiri. Ninyi mlinikuta hivyo. Mlidhani ndivyo nilivyoumbwa, na wengine wenu mmenisifu kwa hilo kwenye hotuba. Jumanne ya kitabu iliendelea. Tulisoma vingine, tukabishana, na mtu aliposema "sina jibu" nilimmiminia chai kwanza. Lakini sikuwahi kuwaambia kwa nini. Nilibadilisha namna ya kufanya kazi, mstari kwenye faili la kijani nikauacha ulivyo. Vestine alirudi baada ya miezi minne, akapewa stoo. Kila asubuhi nilipofika mlango wa stoo nilimuuliza nini kinakusumbua, naye alinijibu, "Hakuna, Madamu." Miaka yote hiyo, jibu lilikuwa hilo.

Sasa nifike kwenye sherehe yenu ya kuniaga, maana hapo ndipo mliponibana bila kujua. Mlitayarisha brosheti za nyama na Fanta, mlipamba ukumbi kwa mabaki ya vitambaa. Diane akasimama. Akasema amepitia makauntabuku yangu ya zamani niliyoyaacha kwenye rafu, na ndani yake amepata maneno manne yenye hekima yote ya uongozi, na kwamba wameyachapisha kwenye fremu mbili, moja yangu ya nyumbani, moja ya mlango wa ofisi. Diane, mwanangu, hukukosea kitu. Nilikuachia sentensi, habari zake nikaondoka nazo.

Halafu mkamchagua mfanyakazi wa siku nyingi kuliko wote anikabidhi. Vestine akaja kutoka nyuma ya ukumbi, ameibeba ile fremu kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ameushikiza chini ya kiwiko, kama tunavyofanya hapa tukimpa mtu tunayemheshimu. Mkono ule wa kushoto wenye dole gumba na kidole kidogo ulikuwa mbele ya macho ya wote. Maneno yalikuwa yameelekea kwangu. ANAYELETA TATIZO ALETE JIBU. Herufi za dhahabu.

"Pokea, Madamu," akasema. "Hongera."

Nikapokea. Mkaniambia niseme neno. Nikawaambia asanteni sana, nimefurahi, endeleeni kusoma. Nikakaa. Nikala brosheti mbili. Hiyo ndiyo nafasi ya mwisho niliyopewa kusema mbele yake na mbele yenu, na ndivyo nilivyoitumia.

Kwa hiyo naandika. Fremu ya mlangoni iondoeni. Na kwenye faili la kijani, chini ya ule mstari wangu, bandikeni haya: Mimi Adela, niliyekuwa msimamizi mkuu wa karakana, nathibitisha kwamba Vestine alikuja ofisini kwangu mara mbili kunieleza kwamba kinga ya mashine imeharibika, nami nikamrudisha mara zote mbili kwa sababu hakuwa na jibu. Lastiki aliifunga kwa sababu yangu. Nilimsifu kwa kuifunga, na baada ya ajali niliificha.

Jumamosi iliyopita nilizipeleka kurasa hizi Ndera, kwa sababu sikutaka mzisome ninyi kabla yake. Tulikaa mbele ya nyumba. Vestine alizisoma zote polepole, akifuata mistari kwa kidole cha mkono wa kulia. Ukurasa wa Mzee Hamidu aliusoma mara mbili. Alipomaliza alirudi nyuma, akatafuta mahali fulani, akaweka kidole.

"Madamu, hapa iko kosa."

"Wapi?"

"Umeandika mara mbili. Nilikuja mara tatu."

Nikamwambia sikumbuki mara ya tatu. Niliona haya, lakini ndivyo ilivyo, siikumbuki.

"Huwezi kukumbuka," akasema. "Ni ile siku nilifunga lastiki. Nilipanda asubuhi nikuonyeshe, nikuulize kama itashika. Mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa unasoma kitabu. Nikasimama pale, nikangoja uinue macho. Halafu nikaona nakusumbua, nikashuka."

Nikampa kalamu. Akaikata mbili yangu, akaandika tatu kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukatangulia mbele, ukakandamiza karatasi isiteleze.